Matembezi ya Mtoto Mdogo Mjini Lubumbashi

Safari nyingi zinazosimuliwa katika kurasa kama hizi ni safari za mbali: mtu huvuka ziwa au hupanda mlima, kisha hurudi na kuwaeleza wenzake aliyoyaona. Safari zetu sisi zilikuwa fupi sana. Hatukuvuka mpaka wa mji wa Lubumbashi, na siku nyingine hatukuvuka hata mtaa wetu. Mwenzetu katika safari hizo alikuwa mtoto wa miaka miwili na miezi mitatu, asiyeweza kwenda hatua mia bila kusimama. Walakini alitufundisha mambo ambayo hatukuyapata katika shule yo yote, nasi tumeona vema kuwaandikia, hasa ninyi wazazi mnaolea watoto katika lupango yenye ukuta mrefu na mlango wa chuma.

Majani ya mbele ya kanisa

Mambo yalianza Dominika moja ya mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimekwisha na mbingu ikiwa safi. Nkambo wa mtoto, yaani mama yetu mzazi, alikuwa amekuja kututazama kutoka Kasenga, kando ya mto Luapula. Baada ya Misa tulisimama mbele ya kanisa la parokia yetu kuamkiana na jamaa na jirani. Nkambo alikuwa amembeba mjukuu wake mgongoni. Akafungua kitenge, akamvua mtoto viatu, akamweka chini juu ya majani mabichi.

Mtoto akapiga kelele kama aliyeunguzwa na moto. Aliinua mguu mmoja. Alipoona wa pili umebaki chini, akataka kuuinua nao, akaanguka. Akashika majani kwa mikono yake, akazidi kulia. Watu wakageuka kutazama. Wengine walicheka, maana ni jambo la kuchekesha kumwona mtoto mwenye afya akiogopa majani. Nkambo hakucheka. Alimwinua, akampangusa, akamrudisha mgongoni, kisha akatuuliza kwa sauti ndogo: “Wanangu, mtoto huyu amekanyaga nini tangu azaliwe?”

Tulinyamaza, maana jibu lilituaibisha. Alikuwa amekanyaga sementi. Nyumba yetu ina vyumba viwili na ua mdogo wa sementi, na juu ya ukuta vimepandwa vipande vya chupa kwa ajili ya wezi. Mama wa mtoto huuza vitambaa sokoni siku tatu kwa juma. Sisi twafundisha asubuhi na mchana, na jioni twasahihisha madaftari. Msichana wa jamaa aliyekuwa akimtunza mtoto alikuwa na agizo moja tu: asitoke nje ya mlango, maana nje kuna pikipiki, kuna mitaro, kuna watu tusiowajua. Tena, ili mtoto asisumbue, tulikuwa tukimpa simu atazame picha zinazocheza. Basi alikuwa mtulivu sana. Wageni walimsifu kwa utulivu wake, nasi tulizipokea sifa hizo kana kwamba ni malezi mema.

Jioni ile Nkambo alisema neno jingine. “Kwetu kuku mwenye vifaranga hutoka nao asubuhi kwenda kuchakura. Ninyi mmemfuga mume wangu mdogo kama kuku wa mayai. Sikilizeni mdomo wake. Anajua maneno mangapi?” Usiku, mtoto alipokwisha kulala, tulihesabu kwa vidole. Yalikuwa kumi na moja, na moja kati yake lilikuwa jina lake la kuitia simu.

Juma lile tulimpeleka kwa mwuguzi. Akampima masikio, akaona anasikia vizuri. Alituambia kwamba mtoto hajifunzi kusema kwa picha, bali kwa watu wanaosema naye juu ya kitu ambacho yeye mwenyewe anakitazama. Alitueleza tena kwamba Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilitoa mashauri kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka mitano: mtoto wa mwaka mmoja au miwili hufaa kuchezesha mwili wake dakika 180 kila siku, yaani saa tatu, pengine kidogo kidogo, naye aliyetimiza miaka miwili asitazame picha hizo zaidi ya saa moja kwa siku, na kupunguza ni bora. Sisi tulikuwa tumeigeuza hesabu hiyo juu chini. Saa tatu zilikuwa za simu, na za kucheza labda nusu saa.

Tukafanya shauri: kila Jumamosi au Dominika, mpaka Nkambo atakaporudi kwao mwisho wa mwezi wa Agosti, tutamtoa mtoto nje ya ukuta.

Simba amelala

Kama wazazi wengi wa mjini, tulidhani kwamba matembezi mazuri ni yale yanayolipiwa. Kwa hiyo tulianza na bustani ya wanyama, ambayo watu wote wa Lubumbashi huiita zoo. Tulimvika mtoto nguo za Dominika. Tukapanda basi, tukalipa mlangoni, tukanunua soda na biskuti, tukaenda moja kwa moja kwa simba.

Simba alikuwa amelala. “Tazama simba!” tulimwambia mtoto. Hakutazama. Alikuwa amechutama njiani, nyuma yetu, akiangalia mstari wa sisimizi waliokuwa wakiburuta kipande cha biskuti. Tukamwita tena kwa sauti kubwa. Tukamwinua, tukamgeuza kichwa kwa mikono yetu kuelekea simba, maana tulikuwa tumelipa kwa ajili ya simba. Akalia. Nkambo akasema: “Mwacheni. Simba amelala, sisimizi wanafanya kazi. Ninyi mngemtazama nani?”

Basi tukachutama wote wanne, na nguo zetu za Dominika, kuwatazama sisimizi. Tulikaa hapo karibu robo saa. Kipande cha biskuti kilifika kwenye tundu, kikakataa kuingia, wakakigeuza, kikaingia. Ndipo mtoto akasema: “Dudu enda.” Hayo yalikuwa maneno mawili yaliyoshikamana, ya kwanza maishani mwake. Mama yake alitutazama, nasi tulimtazama, hatukusema kitu.

Siku ile tulijifunza kanuni yetu ya kwanza: mtoto wa umri huo hatembei ili afike mahali. Njia yenyewe ndiyo mahali. Mtu mzima huona simba kwa sababu amesikia habari za simba tangu utoto wake. Mtoto hajasikia habari zo zote. Kwake simba na sisimizi ni wanyama sawa, na aliye karibu na macho yake ndiye mkubwa.

Hatutaki kusema kwamba kwenda zoo ni kazi bure. Nyani walimfurahisha sana, kwa kuwa walikuwa wakirukaruka, naye alirukaruka pia. Tena wazazi wenye watoto wakubwa kidogo wanaweza kuwaeleza huko jambo la maana. Mjini mwetu kuna makimbilio ya sokwe wachanga yaitwayo J.A.C.K., yaliyoanzishwa mwaka 2006 kwa ajili ya watoto wa sokwe walionyang'anywa wafanya biashara. Mtoto wa sokwe hunyonya kwa miaka mingi, wala mama yake hamtoi kwa hiari. Ndiyo sababu wale wamtakao kumwuza humwua mama kwanza. Mtoto anayejifunza mapema kwamba mnyama naye ana mama, hatamrushia jiwe.

Mlima usiolipiwa

Juma la pili hatukuwa na fedha, maana zoo ilikuwa imezimaliza. Nkambo akasema: “Tutembee kwa miguu.” Tulikwenda mpaka mwisho wa mtaa, mahali ambapo nyumba zinakuwa chache, na huko kulikuwa na kichuguu.

Ninyi mliozaliwa hapa mmevizoea vichuguu, hata hamvioni tena. Walakini wageni wanaokuja Katanga ya Juu huvistaajabia, kwa sababu vichuguu vya aina hii vyaweza kupita mita tano kwenda juu, na shina lake huwa pana kuliko nyumba zetu nyingi. Mchwa wanaovijenga hulima ndani yake, kama sisi tunavyolima mashamba: hukusanya majani makavu na vijiti, nao huotesha juu yake ukungu wanaoutumia kwa chakula. Uyoga ule mkubwa unaouzwa kando ya barabara mvua zinapoanza hutoka katika mashamba hayo ya chini. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima umri wa vichuguu vya misitu ya miombo karibu na Lubumbashi. Wakaona kwamba kimoja kilikuwa kimepita miaka 2000. Kumbe kilijengwa wakati wa Warumi! Nasi twavibomoa kwa jembe katika muda wa juma moja ili tufyatue matofali. Hatulaumu, kwani nyumba yetu wenyewe imejengwa kwa matofali hayo. Lakini si vibaya kujua umri wa kitu unachokibomoa.

Mtoto hakuhitaji habari hizo. Aliona mlima wa kimo chake. Tulichagua kichuguu kilichozeeka, kisicho na mashimo wala mchwa juu yake, na kwanza tulikizunguka kwa fimbo, tusije tukamkuta nyoka. Kisha mtoto akapanda kwa mikono na magoti, akateleza kwa matako, akapanda tena. Tulihesabu mara kumi na tisa. Suruali ilichanika. Mama yake alitaka kukasirika, Nkambo akamwambia: “Binti yangu, suruali hushonwa.”

Kando ya kichuguu kulikuwa na majani. Nkambo hakumlazimisha. Aliketi juu ya majani, akamweka mtoto mapajani pake, akaanza kung'oa majani moja moja na kumpa. Mtoto aliyapokea kwa vidole viwili, kama mtu anayepokea kitu cha moto. Juma lililofuata aliyang'oa mwenyewe. Juma la tatu alishusha kisigino kimoja, akakirudisha. Sisi waalimu twataka kumaliza somo katika saa moja, kengele ikalie. Nkambo alitumia majuma manne kwa somo la majani tu, wala hakumwambia mtoto hata mara moja, “Usiogope.”

Stesheni na nyumba ya makumbusho

Mwezi wa Juni, baridi ya asubuhi ilipokuwa kali, tulimvika mtoto sweta, tukaenda kutazama treni. Mji huu ulizaliwa pamoja na reli. Mwaka 1910 njia ya chuma iliyotoka kusini ilifika hapa, na mwaka huo huo mji ukaanza kwa jina la Elisabethville. Jina la Lubumbashi, ambalo ni jina la mto wetu, ulipewa mwaka 1966. Siku hizi treni si nyingi kama zamani, na anayetaka kuiona heri aulize kwanza. Sisi tulingoja saa nzima nje ya uzio. Mtoto hakuchoka kungoja, maana kulikuwa na kokoto, na kila kokoto ilipaswa kuhamishwa kutoka rundo hili kwenda rundo lile. Hatimaye injini ikaja ikivuta mabehewa. Ardhi ilitetemeka. Mtoto alitushika shingo kwa nguvu, akaficha uso. Injini ilipokwisha kupita, aliinua kichwa, akasema: “Ingine.” Tulimweleza kwamba hakuna nyingine. Njia nzima, mpaka nyumbani, aliendelea kusema: “Ingine.”

Juma jingine tulikwenda katika nyumba ya makumbusho, iliyoanzishwa mwaka 1946. Rafiki zetu walitucheka: mtoto wa miaka miwili ataelewa nini huko? Walisema kweli nusu. Hakuelewa habari za misalaba ya shaba, ambayo wazee wetu waliitumia kwa biashara na kwa mahari kabla ya fedha za Wazungu, wala habari za makaburi ya kale ya Sanga, penye ziwa Kisale. Lakini aligundua kwamba katika chumba kikubwa sauti yake inarudi. Alisema “Oo!” na chumba kikamjibu “Oo!” Alifurahi kupita kiasi. Mlinzi alikuwa mtu mwema. Alimwacha aite mara tatu, kisha akaweka kidole mdomoni. Mtoto naye akaweka kidole mdomoni, akamfuata mlinzi kimya kutoka chumba mpaka chumba. Tulikaa nusu saa tu, tukatoka kabla hajachoka. Hiyo ni kanuni ya pili: afadhali kutoka mtoto akiwa bado anataka, kuliko kungoja mpaka aanze kulia.

Robo saa katika soko

Sasa twafikia jambo ambalo hatupendi kuliandika, lakini tusipoliandika, habari yetu haitakuwa kamili.

Katikati ya mwezi wa Julai Nkambo alitaka kununua sufuria na vitambaa vya kupeleka kwao. Tukaenda soko la Kenya, Jumamosi asubuhi, watu wamejaa. Mtoto alikuwa akitembea katikati yetu. Mama yake alikuwa akichagua sufuria. Sisi tulikuwa tukiomba bei ipunguzwe. Nkambo alikuwa akifungua fundo la kitambaa chake ili atoe fedha. Kila mmoja alidhani kwamba mwenzake amemshika mtoto. Tulipotazama chini, hakuwapo.

Aliyepatwa na jambo hili anajua, na asiyepatwa hawezi kuelezwa. Tuliita jina lake, na katika kelele za soko jina hilo likawa si kitu. Mama yake alikimbilia upande wa barabara, palipo na pikipiki. Sisi tulikimbia kati ya meza za vitoyo na za unga, tukiinama kutazama chini yake. Nkambo peke yake hakukimbia. Alisimama pale pale tulipompotezea, akisema kwamba mtoto hurudi pale alipomwacha mtu.

Hakurudi, lakini hakuwa amekwenda mbali. Baada ya robo saa tulimkuta mbele ya tundu la vifaranga. Mama mwenye kuviuza alikuwa amemketisha juu ya kigoda chake na kumpa kitumbua, akawa akiwauliza wapita njia kama wanamjua. Mtoto hakuwa na habari kwamba amepotea. Alituonyesha vifaranga, akasema: “Kuku dogo.” Yule mama aliona kalamu katika mfuko wa shati letu, akatuambia mbele ya watu: “Mwalimu, shuleni huwahesabu wanafunzi wako?” Tulikubali maneno yake, tulistahili makubwa zaidi. Tulinunua vifaranga viwili, si kwa sababu tulivihitaji.

Jioni hatukulaumiana. Tulikuwa na hofu nyingine: kwamba kwa sababu ya robo saa ile tutafunga tena mlango wa chuma na kumrudishia mtoto simu. Mama yake alisema wazi kwamba hataki tena kutoka. Tulikaa kimya. Nkambo ndiye aliyesema: “Mtoto wa Luapula hufundishwa maji, hafichwi maji. Lakini siku zote yuko mtu mmoja anayemtazama, na mtu huyo anajulikana.” Tangu siku ile tuna desturi. Anayemshika mtoto husema kwa sauti: “Ninaye mimi.” Akitaka kumwacha, humwita mwenzake kwa jina, naye hungoja jibu: “Nimempokea.” Bila jibu, hawezi kumwacha. Tena mama yake ameshona kitambaa kidogo ndani ya nguo zake zote, kimeandikwa namba zetu za simu. Kumbe simu ina faida yake.

Juu ya vumbi

Kuna neno moja la afya ambalo wazazi wa mji wetu hawawezi kuliacha. Tunaishi katika mji wa shaba. Tangu mwaka 1911 shaba imeyeyushwa hapa, na bomba refu la moshi pamoja na kilima cheusi cha takataka zake ni alama ya mji, hata watu huvipiga picha. Lakini vumbi la madini si mchezo. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven, katika Ubelgiji, walitangaza kwamba wamepima mkojo wa watu wa Katanga, wakaona kobalti nyingi na madini mengine katika miili ya wale waishio karibu na migodi na viwanda. Na watoto walikuwa na nyingi kuliko watu wazima. Sababu yake yaeleweka: mtoto mdogo yuko karibu na ardhi, hushika kila kitu, na kila anachoshika hukipeleka mdomoni.

Kwa hiyo tulichagua mahali pa kuchezea palipo mbali na viwanda, na mbali na barabara zipitiwazo na malori ya madini. Tulichukua maji na sabuni katika kichupa, tukamnawisha mikono kabla ya kula cho chote. Viatu vya matembezi tuliviacha mlangoni. Na mtoni je? Tulikwenda mara mbili kutazama maji ya mto Lubumbashi kutoka ng'ambo ya juu, tukatupa majani makavu yaelee. Lakini hatukumwacha aingie, kwa ajili ya uchafu na ya kichocho. Aliyetaka kuchezea maji alipewa beseni uani, na vikopo viwili vya kumimina. Tuliona kwamba beseni lilimfurahisha kuliko mto.

Mashauri machache

Wasomaji wapenzi, mkitaka kujaribu, haya ndiyo tuliyoyaona yanafaa. Tokeni asubuhi, mtoto akiwa ameamka na kushiba, mrudi kabla ya usingizi wake wa mchana. Au tokeni alasiri, mrudi kabla ya jua kuchwa, kwa sababu ya mbu. Kofia ni lazima, na katika mwezi wa Juni na Julai sweta pia. Chukueni maji yaliyochemshwa na chakula cha nyumbani: ndizi moja yatosha kuliko biskuti kumi. Chagueni jambo moja tu kwa siku moja. Mwacheni mtoto atangulie, ninyi mfuate. Kila anachokitazama, kitajeni jina lake, halafu nyamazeni kidogo ili naye apate nafasi ya kusema. Na simu ikae mfukoni, ya wazazi pia.

Wala msiseme kwamba hamna fedha. Miezi minne ile tulilipa kiingilio mara mbili tu. Kichuguu hakilipiwi, treni inayopita hailipiwi, wala maua ya jakaranda yanayofunika njia za mjini mwezi wa Septemba na Oktoba hayalipiwi. Gharama kubwa ilikuwa nyingine: saa mbili za Jumamosi ambazo tulizoea kuzitumia kwa madaftari. Tulizitoa kwa uchungu mwanzoni. Madaftari yalisahihishwa usiku, na hakuna mwanafunzi aliyeshindwa mtihani kwa sababu hiyo.

Dominika ya mwisho

Nkambo alirudi Kasenga mwisho wa Agosti. Dominika kabla ya safari yake tulisimama tena mbele ya kanisa. Majani hayakuwa mabichi tena kama mwezi wa Mei. Jua la kiangazi lilikuwa limeyakausha, yakawa ya manjano na yenye kuchoma. Nkambo alitangulia, akasimama upande wa pili, hakumwita mtoto.

Mtoto aliketi chini, akahangaika na viatu vyake mpaka vikatoka. Mama yake alisema, “Ninaye mimi,” akamfuata nyuma hatua tatu. Mtoto alikanyaga, akakunja uso kwa sababu ya michomo, akasimama. Tulidhani atarudi. Akasema: “Majani mabaya,” akaendelea kutembea juu yake mpaka kwa nkambo wake.

Maneno yake hatuyahesabu tena. Tuliacha kuhesabu tulipopita sabini, maana alianza kutuuliza maswali, na mtu anayeulizwa maswali hana nafasi ya kuhesabu. Vifaranga wawili wamekua, mmoja anataga. Mlango wa chuma bado upo, na vipande vya chupa bado vipo juu ya ukuta, maana wezi hawajaondoka mjini. Lakini kila Jumamosi asubuhi mtoto huleta viatu vyake, na vya kwetu pia, akaviweka mbele ya mlango, akasema neno moja tu: “Twende.”

Basi, wazazi wenzetu, kwaherini. Jumamosi hii, akiwaletea viatu, msimkatalie.